TUZIHESABU NAFSI ZETU KABLA YA KUWAHESABU WENZETU

(Mhadhara uliotolewa msikitini baada ya Swala ya Ishaa)

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola Mlezi wa walimwengu wote, Mjuzi wa yaliyofichikana vifuani. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, Maswahaba zake, na kila mwenye kuufuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Tulipoombwa kuzungumza usiku huu, tulitakiwa tueleze namna ya kuyarekebisha makosa yaliyoenea katika jamii. Tukafikiri sana, tukaona ya kuwa makosa ya jamii yameshazungumzwa mno, juu ya mimbari na vibarazani. Makosa ambayo hayajapata mzungumzaji ni ya huyo mzungumzaji mwenyewe. Kwa hiyo, kwa idhini yenu, tutaanza na hayo.

Ulinganizi wetu ni wa islahi, na islahi maana yake ni kutengeneza kilichoharibika. Fundi anayekwenda kutengeneza nyumba za watu huku paa la nyumba yake linavuja, watu humcheka. Sisi tunaolingania islahi tunao wajibu mkubwa zaidi kuliko wengine wa kuyatazama mapaa yetu.

MUHASABA NI NINI?

Neno muhasaba linatokana na hesabu. Mwenye duka hafungi mlango jioni mpaka ajue kilichoingia na kilichotoka, faida na hasara. Akiwa ana mshirika, basi hesabu huwa kali zaidi, kwani kila mmoja huchunga haki yake. Maimun bin Mihran, mwanachuoni miongoni mwa Tabiina, alifundisha kuwa mja hafikii daraja ya wachamungu mpaka aihesabu nafsi yake kwa ukali kuliko mtu anavyomhesabu mshirika wake. Tazameni, ndugu zetu, jinsi alivyoufahamu udhaifu wa mwanadamu. Shilingi ya mwenzetu tunaiona hata ikiwa chini ya mkeka, lakini deni letu wenyewe tunalisahau.

Asili ya jambo hili imo katika Qur'ani. Katika Suratul Hashr, aya ya 18, Allah (s.w.t.) anawaamrisha walioamini wamche Yeye, na kila nafsi itazame imetanguliza nini kwa ajili ya kesho. Amri haikuwa kila nafsi itazame jirani yake ametanguliza nini. Na katika Suratul Qiyaama, aya ya 14 na ya 15, tunafundishwa kuwa mwanadamu ni shahidi juu ya nafsi yake, hata akizitoa nyudhuru zake zote. Tunayajua ya kwetu. Udhuru ndio pazia tunalolishusha ili tusiyaone.

Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) aliwausia watu wazihesabu nafsi zao kabla ya kuhesabiwa, na wazipime kabla ya kupimwa. Akaja baada yake mwanachuoni wa Basra aliyehamia Baghdad, al-Harith bin Asad, aliyefariki mwaka 243 Hijria (857 Miladia). Kwa wingi wa kuihesabu nafsi yake, watu wakamwita al-Muhasibi, na kwa jina hilo ndilo tunalomjua hadi leo. Wako watu wanaojulikana kwa makosa ya wengine waliyoyafichua. Huyu alijulikana kwa hesabu aliyoifanya juu ya nafsi yake.

KIGOGO KILICHO JICHONI

Imepokewa kwa Abu Huraira (r.a.) mafundisho mazito: kwamba mmoja wetu hukiona kijitaka kidogo kilicho jichoni mwa nduguye, akakisahau kigogo kilicho jichoni mwake. Mfano wenye kufanana na huu umo pia katika vitabu vya Wakristo, wakiunasibisha kwa Nabii Isa (a.s.). Na wazee wetu wa pwani na bara, bila ya kusoma vitabu hivyo, walisema nyani haoni kundule. Hikima hii ni ya kale, na wanadamu wa zama nyingi wameihitaji, kwa sababu maradhi yenyewe ni ya wanadamu wote.

Na tufahamu vizuri mfano huu. Haukusema kwamba kijitaka hakipo. Kosa la ndugu yetu linaweza kuwa kosa la kweli. Tatizo ni jicho linalotazama. Mwenye kigogo jichoni akipeleka mkono kukitoa kijitaka cha mwenzake, hatakitoa. Atalitia jicho kidonda.

Onyo kali zaidi limo katika hadithi ya Usama bin Zaid (r.a.) iliyo katika Bukhari na Muslim. Mtu ataletwa Siku ya Kiyama, atupwe Motoni, matumbo yake yamwagike, naye azunguke kama punda anavyolizunguka jiwe la kusagia. Watu wa Motoni watamkusanyikia wakistaajabu, kwani walimjua duniani kuwa ni mwenye kuamrisha mema na kukataza maovu. Atajibu kwamba alikuwa akiwaamrisha mema wala yeye hayatendi, na akiwakataza maovu ilhali akiyafanya. Hadithi hii, ndugu zetu, haikuwahusu walevi wala wezi. Inatuhusu sisi tunaoshika vipaza sauti.

ALIYEIHESABU NIA YAKE

Tuchukue mfano wa mtu mmoja. Mwaka 484 Hijria (1091), Abu Hamid al-Ghazali, mzaliwa wa Tus, aliteuliwa kusomesha katika Madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad. Alikuwa na umri wa kiasi cha miaka thelathini na minne. Mwenyewe anaeleza kuwa wanafunzi wake wa Baghdad walifika mia tatu. Alikuwa mshindi wa midahalo, mwenye kuyabomoa makosa ya wanafalsafa na ya makundi yaliyopotoka. Kwa lugha ya leo, yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa kuwarudi watu.

Kisha akageuza macho akaitazama nafsi yake. Akajiuliza: usomeshaji huu, nia yake ni nini? Anakiri waziwazi kwamba aliikuta nia haikutakasika kwa ajili ya Allah, bali iliyoisukuma ni kutaka cheo na kuenea kwa sifa. Tangu mwezi wa Rajab mwaka 488 (1095), kwa muda wa karibu miezi sita, alivutwa huku na huku, dunia ikimshika na Akhera ikimwita. Mwisho ulimi ukafungika. Alijilazimisha kusomesha hata siku moja ili awaridhishe wanafunzi, asiweze kutamka neno. Waganga wakakata tamaa. Ndipo alipoiacha kazi ile na kutoka Baghdad, akaelekea Sham.

Nani angemlaumu kama angebaki? Elimu aliyoisomesha ilikuwa ya haki, na makosa aliyoyarudi yalikuwa makosa. Wala watu hawakuona dosari yoyote kwake. Aliiona yeye peke yake, kwa sababu aliitafuta.

YALIYOTUFIKA SISI

Haifai kumtaja Imamu huyu na kujificha nyuma yake. Tutaeleza yaliyotufika wenyewe, si kwa fahari, bali ili awepo wa kuzingatia.

Tuliporejea kutoka masomoni katika nchi za Waarabu, tulikuwa vijana, na vifua vyetu vimejaa. Katika msikiti tuliokulia alikuwepo mzee mmoja aliyekuwa akiswalisha kila imamu anapopata dharura. Alfajiri moja aliswalisha, nasi tuko safu ya kwanza. Alipofika mwisho wa Suratul Fatiha, herufi ya dhaad aliitamka kama wanavyoitamka wazee wetu wengi, ikatoka dhaa. Alipotoa salamu tu, tulisimama. Tukawaambia watu kwamba usomaji ule una kasoro, kwamba herufi ile inabadilisha maana, na kwamba asiyejua makhraja hafai kutangulia mbele. Tulieleza kwa ufasaha. Watu wakatutazama kwa mshangao, nasi tukaudhania kuwa ni heshima.

Mzee hakujibu. Alichukua bakora yake na viatu vyake akatoka. Alfajiri ya pili hakuonekana, wala ya tatu. Ikapita wiki, ikapita ya pili. Nafasi yake katika safu ikawa wazi, na kila tukiswali tukawa tunaiona. Hapo ndipo ilipoanza hesabu.

Tuliamua kwenda kwake. Tukapiga hodi, akatukaribisha, akaagiza tuletewe kahawa, kama kwamba hapana lililotokea. Tukamwambia tumekuja kumtazama, kwani hatumwoni msikitini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema:

"Mwanangu, ulilolisema huenda ni kweli. Mimi sikusoma ulikosoma wewe. Nasoma kama nilivyosomeshwa. Lakini wajukuu zangu walikuwa nyuma yangu siku ile."

Tukainamisha vichwa. Akaendelea:

"Na wewe alif yako ya kwanza uliisoma kwenye baraza hii. Ulikuwa ukiikosea hata alif. Mimi sikukusimamisha mbele ya watu."

Ndugu zetu, tulitamani ardhi itumeze. Yale matamshi tuliyomtoa kasoro, sisi wenyewe tulikwenda nayo masomoni. Sheikh aliyetusomesha tajwidi kule alituvumilia karibu mwaka mzima kwa herufi hiyo hiyo ya dhaad, akituita pembeni baada ya darsa, akituonesha ubavu wa ulimi unapogusa magego, wala hakutucheka hata siku moja. Kigogo chetu kilitolewa kwa upole na kwa siri. Kijitaka cha mzee wetu tulikichokoa kwa kidole mbele ya umma.

Tuliporudi nyumbani tukaifungua Tafsiri ya Ibn Kathir, kitabu tulichokisoma na kukifanyia mtihani. Pale mwisho wa maelezo ya Suratul Fatiha, Imamu huyu anaeleza kuwa kauli sahihi kwa wanavyuoni ni kusamehewa kwa mwenye kushindwa kupambanua baina ya dhaad na dhaa, kwa kuwa makhraja zao zimekaribiana. Ukurasa ule tuliupita kwa macho. Kwa hiyo hata elimu tuliyojigamba nayo ilikuwa nusu. Tukajiuliza lile swali la al-Ghazali: tulisimama kwa ajili ya Qur'ani, au tulisimama ili ijulikane kuwa tumesoma? Jibu tulilijua. Mwanadamu ni shahidi juu ya nafsi yake.

Kwa kuwa kosa lilikuwa la hadharani, tuliona na toba yake iwe hadharani. Tulisimama alfajiri, mahali pale pale, tukamtaka radhi mbele ya watu wale wale. Alisamehe, akatushika mkono, na alirudi kwenye jamaa. Lakini hakukubali tena kutangulia mbele, hata alipobembelezwa. Alikuwa akisimama safu ya mwisho. Neno likishatoka, msamaha hulifuta dhambi Mola akipenda, lakini si kila kitu hurudi mahali pake.

NJIA NNE ZA KUZIJUA AIBU ZETU

Mtu atauliza: ikiwa jicho lina kigogo, tutakionaje? Imamu al-Ghazali amelijibu swali hili katika Ihyaa, kwenye kitabu cha kuizoeza nafsi, akataja njia nne.

Ya kwanza, kukaa mbele ya sheikh mwenye kuziona aibu za nafsi, na kuyafuata maelekezo yake. Mwenyewe anasema watu wa namna hii walikuwa adimu tangu zama zake.

Ya pili, kuwa na rafiki mkweli, mwenye dini, tukamfanya mchungaji wa hali zetu. Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa akimwombea rehma mwenye kumzawadia aibu zake, na alikuwa akimuuliza Salman (r.a.) juu ya aibu zake. Salman alipobanwa sana alimwambia amesikia kuwa ameweka vitoweo viwili katika sinia moja, na kwamba ana nguo mbili, ya mchana na ya usiku. Umar akauliza kama lipo jingine, akaambiwa hapana, akasema hayo mawili ameyaacha. Amiri wa Waumini hakuuliza nani amesema. Na Imamu anatupa mfano wa kututahayarisha: mtu akituambia kuna nge chini ya nguo zetu, tungemshukuru na kumuua nge. Lakini akituambia kuna kiburi ndani ya nyoyo zetu, tunamchukia yeye, na nge tunamwacha aendelee kuuma.

Ya tatu, kuzijua aibu zetu kutoka katika ndimi za maadui. Rafiki hutupaka mafuta. Adui hutafuta palipooza. Basi wanaotupinga wakisema sisi watu wa islahi ni wakali, tunadharau wazee, tunapenda mijadala kuliko ibada, tusikimbilie kuwajibu. Tuulize kwanza: je, hapana ukweli ndani yake?

Ya nne, kuchanganyika na watu, na kila baya tunaloliona kwao tulitafute ndani ya nafsi zetu. Muumini ni kioo cha Muumini, kama alivyofundisha Mtume (s.a.w.) katika hadithi aliyoipokea Abu Daud. Na mwenye akili akisimama mbele ya kioo hukipangusa kioo mara moja, kisha hujitazama yeye.

JE, TUNYAMAZE BASI?

Hapa shetani ana mlango wa pili, na lazima tuufunge. Atatuambia: kwa kuwa nyote mna aibu, msikatazane mabaya. La! Kuamrisha mema na kukataza maovu ni wajibu uliothibiti. Said bin Jubair, aliyeuawa na Hajjaj mwaka 95 Hijria, alibainisha kuwa lau asingeamrisha ila asiye na kasoro, basi hapangekuwepo wa kuamrisha. Dhalimu akila mali ya yatima, hatusubiri tuwe malaika ndipo tuseme.

Tunachokizungumzia ni utaratibu. Kuihesabu nafsi hutangulia, kisha nasaha hufuata, na nasaha ya kosa la mtu binafsi iwe baina yako na yeye. Imepokewa kwa Imamu Shafii kuwa mwenye kumuonya nduguye kwa siri amemnasihi na kumpamba, na mwenye kumuonya hadharani amemfedhehi.

Na tuchunge sana ndimi zetu juu ya asiyekuwepo. Alikuwepo Basra kadhi mashuhuri kwa werevu, Iyas bin Muawiya. Mtu mmoja alimtaja mwenzake kwa ubaya mbele yake. Iyas akamkazia macho, akamuuliza kama amepata kupigana na Warumi. Akajibu hapana. Na watu wa Sind, na wa Hindi, na Waturuki? Hapana. Iyas akamstaajabia: maadui wote hao wamesalimika naye, lakini ndugu yake Muislamu hakusalimika! Msimulizi wa kisa hiki ndiye yule yule aliyesengenya, Sufyan bin Husain, na anasema hakurudia tena. Tuipime hali yetu kwa kisa hiki. Ni wangapi ambao ulimi wao haujapata kumgusa dhalimu yeyote, lakini imamu wao, mwalimu wa watoto wao na jirani wa safu yao hawapumziki nao?

TUFANYE NINI USIKU HUU?

Kila mmoja wetu, kabla hajalala, atafute robo saa ya peke yake. Aufungue mchana wake kama mwenye duka anavyofungua daftari: faradhi zilivyotekelezwa, chumo lilivyopatikana, ulimi ulivyotumika. Akikuta kheri, amshukuru Allah. Akikuta haki ya Allah, atubie. Akikuta haki ya mja, asiridhike kwa istighfari peke yake. Aende kwa mwenyewe amtake radhi, maadamu wote wawili wako hai.

Na kabla ya kumkosoa mtu, ajiulize mambo matatu. Je, ninayo elimu kamili ya jambo hili, au nina nusu ya ukurasa? Je, kosa hili au mfano wake halimo ndani yangu? Na je, lau ningejua kwamba hakuna atakayenisikia wala kunisifu, ningelisema? Likimtatiza swali moja kati ya haya, anyamaze kwanza, airudie nafsi yake.

Mzee wetu tuliyemtaja ametangulia mbele ya haki. Mpaka leo watoto wa madrasa yetu wanapofika kwenye herufi ya dhaad, na mmoja wao akakosea, wenzake wakataka kumcheka, tunawanyamazisha. Kisha tunamwita pembeni baada ya darsa.

Ewe Mola wetu, tuoneshe aibu zetu, na utupe nguvu ya kuziacha. Usiwajaalie ndugu zetu kuwa wahanga wa ndimi zetu. Wasamehe walimu wetu waliotuvumilia, uwarehemu waliotangulia, na uzikubali herufi zao kama walivyozisoma kwa ikhlasi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.